Kengele Lazima Ijibiwe: Mhadhara Juu ya Kuendesha na Kutunza Reli za Mfano



Nimeombwa nizungumzie reli za mfano, zile reli ndogo zinazojengwa juu ya meza pamoja na injini zake, mabehewa, stesheni, madaraja na vilima. Wengi wenu mnazijua kwa picha, na baadhi mnazihesabu kuwa vitu vya kuchezea watoto. Sina haja ya kubishana. Nitaeleza jinsi watu wazima wanaozipenda wanavyofanya kazi yao, nanyi mtapima wenyewe. Hoja yangu ni moja: reli ya mfano hukamilika inapoendeshwa na watu wanaotegemeana, na kuitunza ni deni la kila mmoja kwa mwenzake.

Njia moja kwa magurudumu ya wote

Tuanze na vipimo, maana ushirikiano ulianzia hapo. Kipimo kinachotumika zaidi duniani kinaitwa HO. Kila kitu hupunguzwa mara 87, na nafasi kati ya reli mbili ni milimita 16.5. Waingereza wengi hutumia OO: njia ni hiyohiyo ya milimita 16.5, lakini mabehewa yamepunguzwa mara 76. Kuna N yenye njia ya milimita 9, na kuna Z yenye milimita 6.5, ambayo kampuni ya Märklin ya Ujerumani iliitoa mwaka 1972.

Zamani kila mtengenezaji alifuata vipimo vyake. Injini uliyonunua kwa huyu iliweza kuanguka kwenye reli uliyonunua kwa yule. Mwaka 1935 wapenzi wa reli za mfano wa Marekani walikutana Milwaukee wakaunda chama chao cha kitaifa, NMRA, na kazi yake kubwa ikawa kuweka viwango: unene wa gurudumu, kina cha ukingo wake, upana wa njia. Lengo halikuwa kumpendeza fundi anayejifungia peke yake chumbani. Mtu wa namna hiyo angeweza kujipimia apendavyo. Viwango viliwekwa ili mgeni aweze kuja na behewa lake mkononi, aliweke kwenye reli ya mwenyeji wake, nalo litembee.

Kutoka kuzungusha hadi kuendesha

Anayeanza hujenga duara, huwasha umeme, na treni huzunguka. Inapendeza. Baada ya muda mfupi macho yameshazoea, na hakuna kinachofuata. Wengi huishia hapo, reli ikafunikwa shuka.

Frank Ellison wa New Orleans, aliyejenga reli aliyoiita Delta Lines, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1944 katika jarida la Model Railroader. Aliifananisha reli ya mfano na tamthilia: mandhari ni jukwaa, treni ni waigizaji, na ratiba ndiyo mchezo wenyewe. Fikra hiyo ilibadilisha mengi. Mtu alianza kujiuliza treni hii imetoka wapi, imebeba nini, nani anaingoja, na itapishana na ipi.

Tuseme tunaijenga Tabora. Pale Reli ya Kati inapita kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma, na tawi la Mwanza linachepuka kuelekea kaskazini. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni takriban kilomita 1,250. Kwa kipimo cha HO umbali huo ungekuwa zaidi ya kilomita 14, na hakuna nyumba ya kuubeba. Kwa hiyo tutajenga Tabora pekee, kwa njia ya milimita 12, ambayo ndiyo hutumika katika kipimo hicho kuwakilisha reli ya upana wa mita moja. Kila upande njia itapita nyuma ya kilima au ukuta hadi kwenye yadi iliyofichwa. Yadi ya mashariki ni Dar es Salaam, ya magharibi ni Kigoma, ya kaskazini ni Mwanza. Treni ikichomoza kutoka mashariki, kwa walio chumbani imetoka Dar. Allen McClelland wa Ohio aliijenga reli yake ya Virginian & Ohio kwa msingi huo: kinachoonekana ni kipande tu cha mtandao mpana, na kila behewa lina litokako na liendako.

Sasa treni zinahitaji mizigo. Tangu miaka ya 1960 wapenzi wa Marekani wamekuwa wakitumia kadi. Kila behewa lina kadi yake yenye namba na aina ya behewa, na kadi ina kimfuko. Ndani ya kimfuko huingizwa hati ya mzigo yenye sehemu nne. Kwa behewa letu la Tabora, sehemu ya kwanza inasema: behewa tupu, lipelekwe ghala la tumbaku. Ya pili: tumbaku, kwenda bandarini Dar es Salaam. Ya tatu: saruji, kutoka Dar kwenda Mwanza. Ya nne: tupu, lirudi Tabora. Baada ya kila kikao cha uendeshaji, mwenye reli hupita akigeuza hati, na kila behewa linapata safari mpya. Anayeendesha treni hushika kadi za mabehewa yake kama gadi anavyoshika karatasi zake. Akifika stesheni anajua lipi la kuacha, lipi la kuchukua, na kwa mpangilio upi, maana behewa la kuachwa mwanzo likikaa katikati ya treni, kazi inaongezeka maradufu.

Na saa je? Kwa kuwa umbali umefupizwa, treni hufika stesheni ya pili ndani ya dakika moja au mbili, na ratiba ya saa za kweli haina maana tena. Wapenzi hawa hutumia saa inayokimbia: saa moja ya ukutani inahesabiwa kuwa saa nne, au hata sita, za ratiba. Hapa kuna mtego. Safari imefupizwa, lakini kazi ya kupanga na kupangua mabehewa haikufupizwa. Kufungua kiungo, kurudi nyuma, kugeuza pointi (mahali njia inapogawanyika) na kuunganisha tena huchukua muda uleule wa mikono ya binadamu. Saa ikikimbia mno, anayepanga mabehewa anaachwa nyuma na treni ya abiria inamkuta bado yuko kwenye njia kuu. Kwa hiyo kasi ya saa huchaguliwa kwa kumwangalia mwenye kazi ngumu kuliko wote chumbani.

Mazungumzo ya kengele

Nataka tukae kidogo kwenye jambo ninalolithamini kuliko mengine yote. Katika reli za mfano za Uingereza zinazoendeshwa kwa utaratibu wa kweli, stesheni mbili jirani haziruhusiwi kupelekeana treni bila kuulizana, na maulizo hufanywa kwa kengele.

Mtu wa stesheni ya kwanza anapiga mara moja: nisikilize. Jirani anajibu mara moja: nakusikia. Wa kwanza anapiga mara nne: nina treni ya haraka ya abiria, njia iko wazi? Jirani anatazama njia yake. Ikiwa wazi, anarudia pigo zilezile nne na kuusogeza mshale wa chombo chake uonyeshe kuwa njia ni huru. Asiporudia, treni haitoki. Treni inapoondoka, hupigwa mara mbili: inaingia kwako. Jirani anarudia na kusogeza mshale uonyeshe kuwa njia ina treni. Treni inapompita, haharakishi kusema imefika. Kwanza anatazama behewa la mwisho aione taa ya nyuma. Taa ikiwepo, treni imefika nzima, hakuna behewa lililokatika na kubaki njiani. Hapo ndipo anapopiga moja ya kuita, na baada ya kujibiwa anapiga mbili, anatulia, kisha moja: treni imetoka, njia ni huru tena.

Kwenye reli ya mfano taa hiyo ni nukta ya rangi nyekundu, ndogo kuliko punje ya mtama. Nimewaona watu wazima wakiinama kuitafuta kabla ya kugusa kengele, na hakuna aliyewaharakisha.

Utaratibu huu haukubuniwa kwa starehe. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh huko Ireland, treni iliyojaa watu, wengi wao watoto waliokuwa wakienda matembezini, ilishindwa kupanda mlima. Iligawanywa vipande viwili, na mabehewa ya nyuma yakaporomoka hadi yakagonga treni iliyokuwa ikija nyuma yake. Watu 80 walikufa. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyolazimisha treni za abiria kutenganishwa kwa umbali wa njia badala ya muda, pamoja na breki zinazoshika treni nzima. Anayepiga kengele juu ya meza leo anarudia kanuni zilizolipiwa kwa maisha ya watu. Kwa sababu hiyo mimi huona utulivu wa watu hawa kuwa ni heshima.

Marekani kulikuwa na desturi tofauti yenye roho ileile. Kontrola, yaani msimamizi wa mwendo wa treni zote, aliwapa watu wa stesheni amri za treni kwa telegrafu au simu. Walioandika walimrudishia neno kwa neno, naye alihakiki kabla ya amri kuwa halali. Wapenzi wa reli za mfano huko hufanya vivyo hivyo: kontrola hukaa chumba kingine asikoweza kuziona treni, na reli nzima anaijua kwa masikio, kupitia sauti za wenzake. Mmoja akitoa taarifa ya uongo, au akisahau kutoa taarifa, treni mbili zitakutana uso kwa uso, na kosa litamwangukia asiyehusika.

Yupo mtu mmoja ambaye mfano wake unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Kasisi Peter Denny wa Kanisa la Anglikana nchini Uingereza alianza kujenga reli yake ya Buckingham katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Aliiendesha kwa ratiba na kengele. Mwanawe Crispin alikuwa miongoni mwa waliomsaidia, na nyakati alipokosekana stesheni ya jirani haikuwa na mtu. Denny angeweza kuacha kengele akaendesha apendavyo. Badala yake alitengeneza mashine ya kufuata ratiba na kubadilishana naye kengele, akaiita Crispin wa Kujiendesha. Fikirini juu ya bidii hiyo. Mtu alikuwa na reli nzuri, injini alizozijenga kwa mikono yake, na muda wa kutosha. Alichokikosa ni wa kumjibu, na bila jibu hakuona kuwa anaendesha reli.

Utunzaji ni adabu

Sasa niingie chini ya meza, ambako kazi nyingi hufanyika.

Adui wa kwanza ni uchafu wa reli. Umeme hupita kwenye reli, ukaingia kwenye magurudumu, ukafika kwenye mota. Mahali gurudumu linapogusa reli hutokea cheche ndogo sana, na pamoja na vumbi na mafuta huacha utando mweusi. Utando ukizidi, injini inasita, taa zinapepesa, na treni inasimama katikati ya pointi. Reli nyingi za leo ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, ambao huvumilia kutu kuliko shaba ya njano iliyotumika zamani. Hata hivyo hazijisafishi. Dawa ya kawaida ni kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowa spiriti ya isopropili. Ukitumia msasa mkali utaona reli inang'aa leo, lakini mikwaruzo yake itashika uchafu haraka zaidi kesho. Magurudumu nayo yasafishwe, la sivyo yatairudishia reli uchafu uleule.

Adui wa pili ni kipimo kilichohama. Gurudumu likisogea kwenye ekseli yake kwa sehemu ndogo ya milimita, behewa litapita njia nyoofu bila tatizo kisha lianguke kwenye pointi. Katika HO nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ni takriban milimita 14.4. Chama cha NMRA kilitengeneza kipimo cha chuma bapa chenye meno, na kwa kipande hicho kimoja utapima magurudumu, njia na pointi. Uzito nao una kanuni. Behewa la HO linapendekezwa liwe na aunsi moja ya msingi, na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Kwa hiyo behewa la inchi sita huwa na aunsi nne, karibu gramu 113. Jepesi mno litavutwa nje ya reli kwenye kona. Zito mno litaichosha injini mlimani.

Adui wa tatu ni mbao na hewa. Mbao hunyonya unyevu zikatanuka, zikikauka husinyaa. Reli iliyofungwa bila mianya itapinda. Anayejenga Mombasa, Tanga au Zanzibar aweke hesabu ya unyevu na chumvi ya bahari tangu siku ya kwanza: mbao zipakwe rangi pande zote, mianya iachwe, na kila kipande cha reli kilehemiwe waya wake wa umeme, kwa sababu viungio vinavyounganisha vipande hulegea na kushika kutu.

Tangu miaka ya 1990 wengi wamehamia mfumo wa dijitali, ambao viwango vya NMRA viliujenga juu ya kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani. Kila injini ina namba yake na husikia amri zake tu, hivyo madereva wawili wanaweza kuwa kwenye njia moja kila mmoja na injini yake. Uhuru huo umeleta wajibu mpya. Dereva mmoja akipita pointi iliyogeuzwa vibaya, anasababisha shoti, na treni za wote zinasimama. Mafundi huigawa reli katika maeneo ya umeme ili shoti ya mmoja isiwafikie wengine. Huo ni uungwana uliofanywa kwa nyaya.

Katika yote haya, kifaa ninachokiheshimu zaidi ni kadi ya hitilafu. Behewa likianguka mara mbili mahali pamoja, anayeliendesha halifichi wala halitengenezi kwa pupa katikati ya kikao. Huandika kwenye kadi: behewa namba fulani, limeanguka pointi ya tatu, upande wa mbele. Hulitia kadi hiyo na kulipeleka kando. Kazi inaendelea, na fundi atalishughulikia siku ya matengenezo. Kadi haina nafasi ya jina la mkosaji. Inauliza nini kimetokea na wapi. Kundi linaloandika kadi kwa uaminifu litakuwa na reli inayotembea; kundi ambalo watu wake wanaogopa kuandika litakuwa na reli inayooza kimyakimya. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa hauzibwi na asiyeambiwa upo.

Zipo adabu nyingine ndogo: kunawa mikono kabla ya kugusa mabehewa, maana jasho na mafuta huharibu rangi na kuchafua reli, kutoweka kikombe cha chai mezani, kutogusa injini ya mtu bila idhini, kumwachia mgeni treni rahisi na kumweka karibu na mzoefu. Mwenyeji mwema huiendesha reli yote kabla ya siku ya kikao, akijaribu kila pointi kwa injini na kwa behewa refu. Anafanya hivyo kwa sababu wageni watakuja kutoka mbali na jioni yao iko mikononi mwake.

Kinachobaki

Chumba cha reli kinaweza kuzaa makubwa. Mwaka 1946 wanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani waliunda klabu ya reli za mfano. Baadhi yao walipenda mandhari na historia ya treni. Wengine waliishi chini ya meza wakiunganisha relei za simu ili treni nyingi ziendeshwe bila kugongana. Kutoka kwa hao wa chini ya meza walitokea baadhi ya waandishi wa programu za kompyuta wa zama za mwanzo. Walijifunza uhandisi kwa kuwatengenezea wenzao kitu kisichokwama.

Lakini nipime kinachobaki kwa kipimo kingine. John Allen wa Monterey, California, alijenga Gorre & Daphetid, reli ya HO ambayo picha zake zilivutia wapenzi duniani kote, na alikuwa na kundi la marafiki walioiendesha pamoja naye. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto uliteketeza karibu yote. Buckingham ya Denny ilikuwa na bahati tofauti. Baada yake ilipokewa na mpenzi mwenzake, ambaye pamoja na marafiki aliendelea kuitengeneza na kuiendesha kwa kengele zilezile. Moto wa Monterey uliwaka juu ya mbao na plasta. Namna ya kuendesha ambayo Allen na marafiki zake waliizoea haikuungua, kwa sababu waliibeba wenyewe na kuwafundisha wengine.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni la vitendo. Kama wapo kati yenu wanaotaka kuanza, msianze na mlima wala mji. Anzeni na stesheni mbili, njia moja kati yake, kengele mbili, mabehewa machache yenye kadi zake, na watu wanne watakaokubaliana siku ya kukutana. Wawili wakae stesheni, mmoja aendeshe, mmoja ashike kadi na daftari la hitilafu, kisha mbadilishane. Mjifunze kuulizana kabla ya kutuma, kujibu baada ya kutazama, na kuandika kilichoharibika bila kumtafuta wa kulaumiwa. Mandhari mtaongeza mwaka hadi mwaka. Tabia hizo zikikosekana mwanzoni, hakuna mandhari itakayozileta baadaye. Zikiwepo, reli yenu itawadumu, na atakayeipokea baada yenu atajua la kufanya nayo.